Kujua Mbivu na Mbichi kwa Mwanga: Shajara ya Kisanduku cha Maembe

Siku ya 1

Mradi huu umezaliwa kwenye tenga. Msimu uliopita mjomba, mwenye miembe yake Mkuranga, aliuza matunda yakiwa bado mtini, kama wengi wanavyofanya ada za shule zinapobana. Mnunuzi huja, hupita chini ya miti, hukadiria kwa macho, mnapatana bei, kisha hurudi na vijana wake siku anayoitaka yeye. Vijana wale waliangua kila kilichofikiwa na upembo. Mwembe hutoa maua kwa mafungu. Fungu la kwanza likishashika matunda ndipo la pili linafunguka, kwa hiyo kwenye mti mmoja unaweza kukuta embe lililokomaa na jingine lililo nyuma yake kwa wiki kadhaa. Yote yakaingia tenga moja.

Mimi nililetewa tenga langu Dar es Salaam. Nikayavundika kama bibi alivyotufundisha: majani makavu, magazeti, gunia juu. Siku ya tano baadhi yalikuwa yananukia chumba kizima. Mengine yalikuwa yamenyauka, ganda limejikunja, nyama nyeupe, ladha haina jina. Embe changa haliivi. Ukilivundika linanyauka au linaoza, na ukilitia kabaidi, ile kemikali ya kuivishia matunda kwa haraka, linageuka manjano nje, likamlaghai mnunuzi, huku ndani likibaki lilivyokuwa.

Maneno mawili yanabeba mradi wote huu, nayo ni pevu na bivu. Embe pevu limemaliza kazi yake mtini: kokwa limekomaa, wanga umejaa, ukiliangua leo litaiva lenyewe. Embe bivu ni lile ambalo wanga wake umeshageuka sukari. Kujua bivu si kazi, pua inatosha. Kazi ni kulijua pevu lingali bichi, maana siku ya kuangua pevu na changa yote ni ya kijani, yote ni magumu, yote ukiyakata yanatoa utomvu. Na ukishalikata ili ujue, umeshaliua.

Swali langu basi: je, mwanga unaweza kunitenganishia pevu na changa kabla ya kisu?

Siku ya 3

Leo nimesoma na kuchora, sijagusa kifaa chochote.

Mwaka 1800 William Herschel, mwanafalaki aliyekuwa akiishi Uingereza, alipasua mwanga wa jua kwa prizimu akaweka vipimajoto kwenye rangi zake. Kipimajoto alichokiweka nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu, kilipanda kuliko vingine. Huo ndio mwanga tunaouita infraredi. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, Karl Norris, mhandisi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kule Beltsville, Maryland, aliuingiza mwanga huo kwenye chakula. Alianzia kwenye mayai. Wafugaji wa kuku wanaifahamu kazi hii: unaingia gizani, unalimulika yai, unaona kilichomo bila kulivunja. Norris alitaka mashine imulike badala ya mtu. Baadaye akahamia kwenye nafaka, akipima unyevu na protini kwa mwanga, na leo mashine za kupanga matunda kwenye viwanda vikubwa duniani zinatembea kwenye njia aliyoifungua.

Wazo lenyewe ni rahisi kulieleza. Kila kitu kilichomo ndani ya tunda kina sehemu yake ya mwanga kinachoila. Klorofili, ile rangi ya kijani, inakula nyekundu iliyo karibu na nanomita 680; nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina namba yake. Anthosayanini, rangi inayolipa embe shavu jekundu, inakula kijani cha nanomita 530 hadi 550. Zile za manjano zinakula bluu. Maji yanakula infraredi, zaidi karibu na nanomita 970, na sukari na wanga vinaacha alama nyembamba karibu na 910. Unamulika, unapima kilichorudi, unajua kilicholiwa.

Na mwanga huu hauishii ganda. Weka tochi ya simu nyuma ya kidole gizani, uone wekundu unavyopenya. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, ambacho watu wengi walikiona kwa mara ya kwanza wakati wa UVIKO-19, kinafanya hivyohivyo kwa taa mbili, moja ya nanomita 660 na nyingine ya 940. Nimefurahi sana kuligundua hilo, kwa sababu sasa nina namna ya kumweleza mjomba.

Siku ya 9

Kihisi cha mwanga nilichoagiza kimefika. Ni AS7265x, kibao kidogo chenye chipu tatu zinazogawana mwanga kuanzia nanomita 410 hadi 940 katika mikanda 18, yaani vipande vya rangi, kila mkanda una upana wa kama nanomita 20. Kamera kubwa za maabara zinagawa mwanga katika mikanda mamia na bei yake ni ya gari. Hizo si za mradi huu.

Jambo la kwanza lililonikwamisha ni nyeupe. Kihisi hakijui nyeupe ni nini mpaka ukionyeshe, na kila taa inavyochoka nyeupe yake inabadilika. Maabara hutumia kigae maalumu cha bei mbaya. Kilichomo ndani ya kigae kile ni ndugu wa ile tepu nyeupe ambayo mafundi bomba huzungushia nyuzi za bomba kabla ya kufunga koki: plastiki ileile kwa asili. Nimenunua roli kadhaa duka la vifaa vya ujenzi, nikazungushia kibao mara nyingi hadi unene ukawa kama wa daftari. Safu chache hazitoshi, mwanga wa infraredi unapita na kukuonyesha rangi ya ubao. Safu nyingi zinarudisha karibu kila kitu, sawasawa kwenye mikanda yote. Sasa kila nikipima maembe kumi napima tepu, kisha nazima taa na kupima giza, kisha naendelea.

Siku ya 12

Mkuranga. Nimempa mjomba shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye kile kibao mkononi mwangu.

Nikamweleza habari ya kidole na oksijeni. Akaisikiliza yote bila kunikatiza, akachukua embe aina ya Tommy Atkins lenye shavu jekundu sana, akaniuliza: "Mwanangu, hicho kinaona ganda au kinaona embe?"

Sikuwa na jibu. Nimeliandika swali hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

Yeye mwenyewe anasoma mabega. Embe changa mabega yake yanashuka kutoka kwenye kikonyo kama ya mtu aliyechoka. Likikomaa mabega yanajaa, yanapanda, kikonyo kinaonekana kimekaa kwenye kibonde. Anaangalia pia vidoa vidogo vya ganda, na ule unga mwembamba unaotandaa juu yake. Kwenye dodo hababaiki. Tommy ndiyo inayomchosha. Aina hii iliteuliwa Florida, na shavu lake jekundu linatokana na jua zaidi kuliko umri: tunda la juu ya mti likipigwa na jua linawiva sura tu, likiwa bado changa kabisa. Wanunuzi wa mjini wanapenda wekundu, wavunaji wanafuata wekundu.

Tulipata na jambo jingine la maana leo. Fungu la mwisho la maua limeshika matunda, yapo kama ukubwa wa yai. Mjomba ameniruhusu nifunge tepe kwenye vikonyo: bluu kwa yaliyotangulia, njano kwa yanayofuata, nyeupe kwa haya madogo. Jumla 36. Hayataguswa na mnunuzi yeyote, amenipa neno lake. Ndiyo maembe pekee nitakayoyajua umri wake kwa hakika.

Siku ya 16

Vipimo vya kihisi vimenikatisha tamaa kidogo, halafu vikanifundisha.

Nimepima kila embe mara moja, kwenye shavu. Kisha nikarudia upande wa pili kwa embe lilelile. Majibu mawili tofauti kama ya matunda mawili. Upande uliotazama jua na upande uliojificha kwenye majani havikui pamoja. Sehemu ya mabega na sehemu ya ncha nazo haziendi sawa. Kibao changu kinaona duara dogo la kama sarafu. Embe lote lingine hakilioni. Kwa hiyo anayeshika kihisi ndiye anayechagua jibu bila kujua.

Nimeamua: nahitaji picha. Si namba moja ya embe, bali namba ya kila sehemu yake.

Siku ya 21

Kisanduku. Plaiwudi, kimo cha mkono hadi kiwiko, ndani rangi nyeusi isiyong'aa, mlango wa kitambaa cheusi mikunjo miwili. Juu kuna kamera ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, ya aina ya NoIR, yaani ile isiyo na kichujio cha kuzuia infraredi. Kamera ya simu yako ina kichujio hicho, ndiyo sababu picha zake zinafanana na macho yako.

Badala ya kamera kugawa mwanga, taa ndizo zitakazogawa. Naweka taa za LED za rangi tofauti, zinawaka kwa zamu, moja baada ya nyingine, kila moja picha yake. Gizani kabisa, picha iliyopigwa wakati taa ya 660 imewaka ni picha ya 660. Kwa hiyo kamera moja ya bei ndogo inakuwa kamera ya mikanda mingi, ili mradi tunda halitikisiki.

Taa nilizonazo ni 470, 525, 590, 660, 735, 850 na 940. Zile za 850 nimezitoa kwenye kamera ya ulinzi iliyokufa. Ukizitazama gizani zina wekundu hafifu. Zile za 660 na 735 zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaokuza mimea ndani ya nyumba, Kariakoo sikuzipata, nimeagiza mtandaoni. Ya 940 haionekani kabisa kwa macho, ni ileile ya rimoti ya televisheni. Nimelehemu nne, nikadhani zote zimekufa, mpaka nilipozitazama kupitia kamera ya mbele ya simu, ambayo kichujio chake ni hafifu, kumbe tatu zinawaka na moja nimeigeuza miguu.

Kuhusu kamera, hili liandikwe kwa herufi nzito na yeyote atakayejaribu: zima kila kitu kinachojiendesha chenyewe. Kamera inajiongezea mwanga, inajirekebishia nyeupe, inanoa kingo, yote kwa nia njema ya kukupa picha nzuri. Picha nzuri ni uongo hapa. Nimehifadhi data ghafi jinsi ilivyotoka kwenye kihisi cha kamera, na kila taa ina muda wake wa kamera kupokea mwanga, usiobadilika. Ya 940 inahitaji muda mrefu zaidi kwa sababu kamera ya silikoni haioni vizuri kule mbali. Pia lenzi haikusanyi infraredi mahali ileile inapokusanya nyekundu, kwa hiyo picha ya 940 ina ukungu. Nimekubali ukungu. Sihitaji kusoma gazeti.

Siku ya 25

Mng'ao. Ganda la embe linang'aa, na kila taa inaacha doa jeupe la moto juu yake. Doa hilo ni mwanga uliogonga ganda na kurudi bila kuingia ndani; halibebi habari yoyote ya embe. Swali la mjomba tena: hapo ninaona ganda, tena siyo hata ganda, naona taa yangu.

Nilikuwa na plastiki za poleraizi, zinazopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, nilizobandua kwenye skrini ya zamani ya kompyuta. Unaweka moja mbele ya taa, nyingine mbele ya kamera, zikiwa zimekatizana, na mng'ao unauawa wakati mwanga uliozunguka ndani ya nyama unapita. Kwenye 525 na 660 ilikuwa kama miujiza. Doa limetoweka, embe limekuwa kama la udongo. Nikafika 850, mng'ao wote umerudi. Plastiki hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mwanga unaoonekana, ukivuka kwenye infraredi zinakuwa kama kioo cha dirisha. Nimepoteza siku mbili.

Suluhisho limetoka jikoni. Bakuli kubwa la plastiki, nimelipaka ndani rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, nimelitoboa kitakoni tundu la kamera, nimeligeuza kifudifudi juu ya embe. Taa zimewekwa chini pembeni, zimeelekezwa juu kwenye bakuli, hazimuliki embe moja kwa moja. Mwanga unagonga bakuli, unasambaa, unalishukia embe kutoka kila upande kama anga la mawingu. Doa la moto limekuwa utandu hafifu. Si kamili, ila linatosha.

Siku ya 26

Umeme umekatika saa tano hadi jioni. Nimesafisha data.

Siku ya 32

Picha za kweli za kwanza, na nataka niyaandike haya nikiwa bado na moto wake.

Kwenye meza kuna Tommy wawili. Kwa macho ni mapacha: mashavu mekundu, ukubwa mmoja, ugumu mmoja. Kwenye picha ya 525 wote wawili mashavu ni meusi, anthosayanini inakula kijani kama ilivyotarajiwa. Nikafungua picha ya 660. Wekundu wa juu hauna nguvu huko, unapitisha mwanga kama pazia jembamba. Embe la kwanza limeng'aa shavu zima. Embe la pili limebaki jeusi. Chini ya lile shavu jekundu lilikuwa limejaa klorofili. Kijani kitupu kimevaa kanzu nyekundu.

Nikayakata. La kwanza nyama karibu na kokwa ilikuwa imeanza manjano, kokwa gumu, kisu kimekataa. La pili nyama nyeupe hadi katikati, na kisu kikapita kwenye kokwa kama kwenye tango.

Nilisimama pale mezani muda mrefu.

Sasa ufundi. Picha moja peke yake haifai kwa sababu embe ni duara, kingo zake zinapata mwanga mdogo, kwa hiyo zinaonekana nyeusi hata kama hazina klorofili. Dawa ni kutumia mbili. Katika 735 klorofili karibu haili chochote, ila umbo la duara lina kivuli kilekile. Unachukua 735 ukatoa 660, ukagawanya kwa jumla yake, kivuli kinajifuta chenyewe na kinachobaki ni kijani tu. Watu wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, wana kifaa cha mkononi cha mapichi na matunda mengine kinachopima tofauti ya 670 na 720 kwa fikra hiyohiyo. Mimi nimeifanya iwe ramani ya embe zima. Palipo na klorofili nyingi nimepaka rangi ya samawati, palipopungua chungwa. Unaliona embe likipevuka kama asubuhi inavyoingia chumbani, upande mmoja kwanza.

Siku ya 39

Wiki ya kisu. Maembe 48, Tommy na dodo, kila moja limepigwa picha kisha limekatwa. Bila ya kukata sasa siwezi kudai kujua bila kukata kesho.

Kwa kila embe nimefanya mambo matatu. Kwanza tone la maji ya tunda kwenye rifraktomita, kifaa cha kukadiria sukari iliyoyeyuka, usome namba yake iitwayo Brix: embe bichi husoma kama 7 au 8, bivu tamu hupita 15. Lakini Brix ya siku ya kuangua inakudanganya, kwa sababu utamu wa kesho leo bado ni wanga na rifraktomita haiuoni wanga. Ndiyo maana kipimo cha pili ndicho ninachokiamini zaidi: vipande vya nyama vimepimwa uzito, vimekaushwa kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka uzito ukaacha kushuka, vimepimwa tena. Kinachobaki baada ya maji kuondoka, huo uzito mkavu, ndio akiba ya embe. Likishatenganishwa na mti haliongezewi kitu, linageuza tu lilichonacho. Embe lenye akiba ndogo halitakuwa tamu hata ulivundike kwa dua.

Cha tatu ni iodini ya duka la dawa. Ipake juu ya uso uliokatwa, wanga unageuka bluu ya usiku. Embe pevu lililoanza kuiva lina bluu pembeni na uwazi karibu na kokwa, maana embe huiva kutoka ndani kuja nje. Nyumba nzima imenuka hospitali na maembe kwa pamoja. Majirani wamekula achari wiki nzima.

Siku ya 46

Lazima niandike kosa langu kwa urefu, kwa sababu nusura nilipeleke kwa mjomba kama ushindi.

Kila embe nililipima sehemu sita. Nikazimimina zote kwenye programu niliyoiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, nikaiambia ijifunze kukadiria uzito mkavu kutoka kwenye mikanda yote, ifiche robo ya data kwa ajili ya mtihani. Majibu yalikuwa mazuri kupita kiasi. Makadirio yalifuata oveni kama kivuli. Nilifurahi siku nzima.

Usiku nikajiuliza zile sehemu sita zimekaa wapi. Programu ilizichanganya zote kabla ya kuzigawa. Kwa hiyo sehemu nne za embe fulani zilikuwa darasani na mbili za embe lilelile zikawa kwenye mtihani. Mtihani ulikuwa umevuja. Programu haikujifunza upevu, ilijifunza kulitambua embe namba 17 kwa sura.

Nikagawa upya kwa embe zima: tunda lililo darasani halionekani kwenye mtihani hata kipande. Uhusiano ule mzuri ulishuka sana. Kisha nikafanya jaribio kali zaidi, nikafundisha kwa maembe ya shamba la mjomba na kupima kwa maembe niliyonunua sokoni Buguruni. Kwa uzito mkavu, makadirio yakawa kubahatisha tu. Kwa klorofili, ramani bado ilifanya kazi, ingawa mpaka kati ya pevu na changa ulisogea.

Sababu naiona. Nimetaka kusoma sukari na wanga kwa taa ya 850 na ya 940 tu. Maji yana mteremko wake kwenye 940 kuelekea 970, na alama ya sukari iko 910, katikati ya taa zangu, mahali nisipo na jicho. Nilikuwa nakisia kilichomo ndani ya nyumba kwa kutazama nyumba za jirani. Kile kihisi cha mikanda 18 kina mkanda wa 900, na kwa kweli kilikuwa kinafanya vizuri kidogo zaidi pale. Kwa hiyo picha inajua mahali, kihisi kinajua zaidi kidogo habari za ndani. Bado sijavioanisha.

Nimeamua kuanzia leo kisanduku hakitadai kujua utamu. Kinasema kitu kimoja tu, upevu wa ganda na nyama ya karibu na ganda, na kwa Tommy hicho kimoja ndicho kilichokuwa kinahitajika.

Siku ya 53

Mkuranga tena, na kisanduku kwenye boda, nimekikumbatia njia nzima kutoka barabara ya Kilwa.

Tumefanya mtihani wa haki. Dodo 10, Tommy 10, mjomba anaandika zake kwenye karatasi, kisanduku kinaandika zake, hakuna kuoneshana, kisha kisu. Kwenye dodo mjomba amekosea 1, kisanduku 3. Kwenye Tommy mjomba amekosea 4, kisanduku 2. Matunda 20 si mengi na sitayatangaza kama ushahidi, ila mjomba alilichukua lile Tommy la mwisho, jekundu kabisa, alilokuwa ameandika pevu na kisanduku kikaandika changa, akalitazama kokwa lake laini kwa muda.

"Basi kinaona chini ya ganda," akasema. Halafu akaongeza: "Lakini mabega hakiyaoni."

Ni kweli, hakiyaoni. Picha zangu zote zimepigwa embe likiwa limelala ubavuni na sijawahi kuiambia programu itazame umbo. Picha ninazo! Mstari wa mabega umo ndani ya kila picha ya 735, tunda jeupe juu ya mandhari nyeusi, hakuna kitu rahisi zaidi kwa kompyuta kuchora. Maarifa yake ya miaka yote yalikuwa kwenye data yangu na mimi nilikuwa nayakata ukingoni ili nipate rangi. Jioni ileile, kwa taa ya jua na kompyuta juu ya ndoo, nimeanza kupima kina cha kile kibonde cha kikonyo.

Jambo la pembeni lililojitokeza. Embe moja lililoanguka asubuhi lilionekana zima. Kwenye picha ya 850 lilikuwa na doa la giza ubavuni, ukubwa wa kidole gumba. Nyama iliyopondeka inajaa maji kwenye nafasi zilizokuwa na hewa, mwanga hautawanyiki tena kama mwanzo, unazama. Tumelitenga. Siku mbili baadaye mjomba amepiga simu: doa limejitokeza kwa macho, palepale.

Siku ya 61

Taa za 910 zimeagizwa, na za 970, ingawa kwa 970 kamera yangu itakuwa inapapasa. Bakuli la pili limepakwa. Nimebadilisha ratiba ya kuwasha: kila taa inawaka kwa muda mfupi na kupumzika, kwa sababu kwenye joto la mchana nimegundua LED ya 660 ikipata moto inafifia na rangi yake inasogea, na embe la saa nane mchana lilikuwa linaonekana changa kuliko lilelile la saa mbili asubuhi. Napima tepu nyeupe kila matunda matano sasa, si kumi.

Tepe zote 36 bado zipo mtini isipokuwa tatu, mbili za upepo na moja ya popo. Mnunuzi wa mwaka jana alikuja wiki iliyopita, akataka kununua miti yote kama kawaida. Mjomba amemuuzia miti ya dodo. Ya Tommy amemwambia asubiri, na amenitumia ujumbe niende na kisanduku Jumamosi tukaangue sita za kwanza za utepe wa bluu.